Folda Niliyowafungulia Wote

Katika ofisi yetu ya mtaa wa Ruwi, mimi ndiye niliyekuwa nikitoa ruhusa za folda za pamoja kwenye mfumo wa barua pepe. Siku moja niliambiwa nimfungulie meneja mpya folda ya likizo za ugonjwa. Kwa haraka ya kwenda kula, nikachagua wafanyakazi wote badala ya jina lake.

Humo mlikuwa na barua ya mama mmoja wa Kizanzibari, mwenzetu wa miaka mingi, akieleza kuwa ana saratani. Kesho yake watu wawili wakampa pole. Akanijia mezani.

“Mwanangu, nani kawaambia? Hata wanangu hawajui.”

“Sijui, mama. Labda wamesikia hospitali.”

Alipoondoka niliifunga folda kimyakimya. Jioni mwenzetu mwingine akampigia simu binti wa yule mama kumpa pole.

Nilikaa na uongo ule wiki mbili, kisha nikaenda kwake, mtaa wa Bustan, kukiri. Alinisikiliza, macho yake chini.

“Ungelinambia siku ile kama wote wameiona,” akasema, “ningeliwahi kuwaambia wanangu mwenyewe.”

Kahawa aliyonimiminia nilishindwa kuinywa.