Kidole cha Karani

Kila siku ya kuuza pamba, karani wa ushirika pale Samuye huwasomea watu gazeti, kidole kikitambaa chini ya kila neno. Lakini akifika kwa huyo mwandishi ajiitaye Nyuki, kidole hulala, naye hucheka kabla kichekesho hakijafika. Mama Paskalia, muuza uji asiyejua a wala be, kamshuku zamani. Leo Nyuki kaandika kwamba mwenyekiti huinua magunia kwa goti yakiwa mizanini, yaonekane mepesi.

“Nikimpata, atalala ndani!” mwenyekiti akafoka, akamkazia macho karani. “Na wewe, mbona hutazami unachosoma?”

“Nyuki ni mimi, baba,” Mama Paskalia akadakia. “Nikishaandika, fisi wangu wa kichawi hunipelekea gazetini Mwanza.”

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye. Kidole cha karani kikarudi gazetini, na hakikulala tena.