Mayai Kumi na Saba Ndani ya Friji Mbovu

Mtaani walimwita Mama Baridi, naye hakuona ubaya. Alikuwa fundi wa friji kwa miaka ishirini na mmoja, mwanamke mfupi, mikono mipana, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: friji tatu zimefunguliwa matumbo, mtungi wa gesi kwenye kona, na meza iliyojaa bisibisi ambazo yeye peke yake alijua zilivyopangwa. Friji ikimshinda Mama Baridi, mwenyewe anaambiwa akaifanye kabati la viatu.

Mambo ya nyoka yalianzia kazini. Daktari wa mifugo alimwita amtengenezee friza, na alipoinua mfuniko alikuta panya weupe waliogandishwa, wamefungwa kwenye mifuko midogo, kila mfuko umeandikwa uzito. Akaufunga mfuniko polepole, akamuuliza daktari kama hicho ni chakula chake au cha wageni. Daktari akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akampeleka chumba cha pili. Kule, nyuma ya kioo, juu ya fimbo iliyolazwa, alikuwa amejikunja chatu wa kijani. Mikunjo yake ilining'inia pande zote mbili za fimbo, sawasawa kama nguo zilizoanikwa na mtu nadhifu, na kichwa kimetulia katikati. Hana sumu, daktari alisema, ila meno yake ni marefu, na maisha yake yote ni ya juu mtini. Ukimlaza sakafuni unamtesa.

Friza ile ilimchukua saa moja. Chumba cha nyoka alikaa saa tatu.

Alimweleza mumewe, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno machache. Mume alimsikiliza, akamaliza chai, akauliza, "Nyumba ina vyumba vinne. Mimi nitabaki na vingapi?"

Wakakubaliana: chumba cha nyuma, kufuli mbili mlangoni, na yeye mume haingii kabisa.

Ilimchukua Mama Baridi mwaka mzima kabla ya kuleta nyoka hata mmoja. Aliomba kibali, afisa wa wanyamapori akaja kukagua, akamrudisha nyuma kwa sababu ya mwanya chini ya mlango, akaja tena, akakitoa. Vizimba alivijenga kwa mikono yake: upande mmoja joto zaidi, upande mwingine nafuu, fimbo za unene tofauti, na maji ya kunyunyizia asubuhi na jioni. Maisha yake yote alikuwa akihangaika kuondoa joto ndani ya kisanduku. Sasa alikuwa analibakiza, na kwake ilikuwa kazi ileile imegeuzwa nje ndani. Kuna mtu alimfuata na gunia, ndani mna chatu aliyekamatwa msituni, bei ya kutupa. Mama Baridi alimwambia hanunui mateka, kisha akampigia afisa. Nyoka wake wawili, dume na jike, walizaliwa kwa daktari na walikuja na karatasi zao.

Jike alimpa jina la Bi Mkubwa, kwa vile alivyokuwa anamtazama mtu. Na hakumharakisha. Wafugaji wenzake walimshauri ampandishe akiwa na miaka miwili, maana ameshafikia urefu. Yeye kila mwezi alimpima uzito, akaandika, akatikisa kichwa. Mwaka wa tatu ukapita hivyo hivyo. Wa nne, mizani iliposoma kilo moja na robo, ndipo alipomsogeza dume karibu.

Miezi hiyo hiyo mama mkwe wake alikuja kukaa nao. Alikuwa mkunga mstaafu, ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, na daktari wake alitaka apumzike miezi mitatu kwa mtu wa kumwangalia. Mwanawe, yaani yule dereva, alimwambia kwamba chumba cha nyuma ni stoo ya vipuri. Aliyasema hayo akiangalia pembeni, na Mama Baridi hakumsahihisha. Kwa mkwe wake alikuwa na heshima iliyochanganyika na woga. Tangu aolewe hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za afya.

Wiki ya pili, mchana, mama mkwe alikuwa mezani anamalizia sahani ya pili ya wali. Dirisha lilikuwa wazi, na uani Mama Baridi alikuwa anaongea kwa simu na yule daktari wa mifugo. Akasema Bi Mkubwa amenenepa kweli siku hizi. Akasema hasira zimemzidi, haguswi, na jana nusura amuume. Akasema itabidi waache kumpa chakula kabisa.

Mama mkwe aliweka kijiko chini.

Mwanawe aliporudi alimkuta sebuleni, begi limefungwa, fimbo mkononi. "Mwanangu, kama nimewachosha, semeni tu," alimwambia. "Lakini kuuma, mimi sijawahi kumuuma mtu."

Mume akamtazama mke, mke akatazama sakafu, kisha akaja kukaa chini karibu na goti lile bovu. Akamwambia mama kwamba Bi Mkubwa si yeye. Akamwambia ni nani. Akaeleza kibali, kufuli, kioo, na kwamba nyoka mwenyewe hana sumu, na kwamba uongo wa stoo ulikuwa wa wote wawili na wanaomba radhi. Halafu akangoja kusikia mama akiomba aitiwe teksi.

Mama mkwe aliegemeza fimbo kwenye kiti. "Ana mimba?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza huwa wakali. Nipeleke nimwone."

Alisimama mlangoni tu siku ile, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Kesho yake alisogea hatua mbili. Wiki ilipokwisha alikuwa na kiti chake mbele ya kioo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona Bi Mkubwa amehamia kwenye kisanduku cha kutagia kilichofungwa juu. Hatoki leo wala kesho huyo, alisema, na ilikuwa kweli. Siku ya tatu, alipojikunjua kidogo, waliona mayai, meupe kama chaki. Yalikuwa kumi na saba.

Sasa hapo ndipo ufundi ulipoingia. Mama Baridi alikuwa na friji ambayo kompresa yake ilikufa zamani. Alitoa vyuma vya baridi, akapitisha waya wa joto, akafunga kidhibiti, akaweka kipimajoto cha betri chenye namba zinazosomeka nje. Mayai akayapanga kwenye sanduku lenye unyevu kidogo, bila kuyageuza, maana yai la nyoka ukilipindua unaweza kuua kilichomo. Nyuzi thelathini na moja, siku hamsini.

Siku ya thelathini na tatu, asubuhi, transfoma ya mtaa ililipuka. Mama Baridi alikuwa ng'ambo ya mji, ndani ya chumba cha baridi cha bucha moja, juu ya ngazi. Simu ikaita.

"Mwanangu, umeme umekatika," mama mkwe alisema. "Watoto wako wanapoa. Thelathini kamili, sasa hivi imeshuka tena."

Mama Baridi alimwomba asifungue mlango wa friji, akasema anakuja, lakini kufika ni zaidi ya saa moja. Mama mkwe akamwambia kuna jiko la gesi na kuna chupa. Watoto njiti walikuwa wanawatunza hivyo hivyo, zamani, zahanati ikikosa umeme. Mama Baridi alifikiri kidogo, kisha akampa masharti: maji yasiwe ya kuunguza, maana joto likizidi linaua upesi kuliko baridi; apime kwa mkono; chupa zikae rafu ya chini, zisiguse sanduku.

"Joto la chupa unanifundisha mimi?" mama mkwe akauliza, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

Mama Baridi alipofika, mbio na ovaroli lake la baridi juani, alikuta chupa nne zimevikwa soksi za mumewe, kipimajoto kinasoma thelathini nukta saba, na mama mkwe ameketi mguu juu ya stuli, anaandika namba kwenye daftari kila robo saa. Ndani ya friji kuta nene zilikuwa zinafanya kazi yake. Waliendelea kubadilishana chupa kwa zamu mpaka umeme uliporudi kesho yake alasiri, na katika saa hizo walizungumza kuliko miaka yote tangu harusi. Mama Baridi akajua kwamba mkwe wake aliwahi kufukuzwa shule kwa kucheka. Hakuwahi kumdhania hivyo.

Siku ya hamsini, Jumapili baada ya chai, yai la kwanza lilichanika, pua ikachungulia. Kufikia Jumanne walikuwa kumi na watano. Mayai mawili hayakuwa na kitu. Kumi na wawili walikuwa wa njano, watatu wekundu kama tofali, kila mmoja mwembamba kama penseli. Kila mmoja alipewa kisanduku chake na kijiti chake.

Wengi walikula baada ya wiki mbili tatu. Mmoja mwekundu aligoma wiki tano. Walimjaribu kwa kila njia, mpaka daktari akashauri kipande cha panya kisuguliwe kwenye manyoya ya kifaranga. Siku hiyo dereva wa basi, ambaye alikuwa ameanza kusimama mlangoni "kuangalia balbu", aliingia, akaomba koleo lenye kile kipande, akalinyosha huku mkono unamtetemeka. Labda mtetemo ule ndio uliosaidia. Mwekundu akaruka akakamata. Mume alitabasamu mpaka usiku.

Waliotaka watoto hao walikuwa wengi. Mwenye saluni aliyetaka mmoja wa kupigia picha wateja alirudishwa mlangoni. Waliopewa ni wale wenye kibali, waliokuja mara tatu na kukubali vizimba vyao vikaguliwe. Wanne walibaki nyumbani.

Miezi mitatu ya goti ilikwisha zamani, na hakuna aliyelitaja begi. Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni pale mtoto mmoja wa njano alipoanza kubadilika, doa la kijani mgongoni, kisha kama mtu anamwaga rangi taratibu, siku hadi siku. Mama Baridi, mumewe na mama mkwe walisimama mbele ya kisanduku wakabishana kama kijani kimeanzia mkiani au shingoni.

Kibali kilipofika muda wa kuongezwa, Mama Baridi aliomba jina la mkwe wake liandikwe kama msaidizi. Afisa alimgeukia mama, kalamu tayari, akamuuliza ana uzoefu gani.

"Nimezalisha wanawake elfu mbili na ushee," mama mkwe alijibu, "na huyu mmoja wa watoto kumi na watano. Yeye ndiye pekee ambaye hakupiga kelele."