Matairi Kwenye Mchanga wa Makauboi

Nakumbuka Ijumaa moja baada ya Asri, hapa hapa Satwa, kwenye nchi hii ya Waarabu, niliposimama katikati ya duka la ushoni na mkasi mkononi, nikapiga kelele kama aliyeona mwizi: "Matairi! Tazameni, alama za matairi ya gari!"

Mwanangu, usicheke bado. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Mombasa nimeolewa na fundi gereji, shule nimeishia darasa la nne. Bi Salama, Mzanzibari mwenye duka, alinichukua kwa sababu ya macho yangu. Nilikuwa na macho, we! Uzi mmoja ukitoka mstarini nauona nikiwa mlangoni.

Bi Salama alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti, na mapenzi yake mawili hakuyaonea haya: kahawa ya iliki na michezo ya makauboi kwenye televisheni. Televisheni ilikaa juu ya rafu ya vitambaa. Kiingereza hatukukijua, na yale maandishi ya Kiarabu ya chini yalikuwa yanapita haraka kuliko macho yetu. Tulifuata farasi tu. Yuko mwema, yuko mbaya, uko mji wa mbao wenye vumbi, na mwema ana nyota kifuani. Inatosha.

Ila mimi sikufuata farasi, nilifuata makosa. Na yalikuwa mengi! Mtu kapigwa risasi bega la kushoto, akifika kwa daktari bandeji iko kulia. Kofia imeanguka mtoni, mwenyewe anatoka ng'ambo anayo kichwani, tena kavu. Bastola ya risasi sita inalia mara kumi na moja na mwenyewe hajaongeza risasi. Farasi anatoka mjini ana miguu minne myeupe, akifika mlimani imebaki miwili. Siku nyingine jambazi aliinua mikono juu, nikaona saa ya mkononi, ile ya kisasa kabisa. Kila nikitaja, Tatu, mwenzangu wa cherehani ya pili, anacheka mpaka anafuta machozi kwa kipande cha bitana. Nami kichwa kikavimba.

"Watengeneza michezo wote wale," nasema, "hawana hata mmoja mwenye macho? Wangenichukua mimi!"

"Wangekuchukua ukawatimue farasi kwa makelele yako," anasema Bi Salama, kisha anarudi kwenye kahawa yake.

Sasa ile Ijumaa ya matairi, mezani palikuwa na mahameli ya kijani. Ilikuwa nguo ya hina ya binti wa mama mmoja wa Kiarabu wa hapa, madam tunavyowaita, maana bibi harusi wao siku ya hina huvaa kijani. Kitambaa kililetwa na shangazi yake kutoka mbali, na kingine cha namna ile hakikuwepo sokoni. Bi Salama alikata mwili wa nguo mwenyewe, akaniambia, "Mikono nakuachia wewe, Zuhura." Heshima kubwa hiyo. Nilikuwa sijatimiza mwaka dukani.

Mkono wa kwanza nilikata vizuri. Nikawa nageuza kitambaa nikate wa pili, na makauboi nao wanatimua mbio jangwani. Chini ya kwato nikaona mistari miwili inakwenda sambamba. Sisi tunaoishi hapa mistari ile tunaijua, magari yanatuchorea mchangani kila siku. Ndiyo nikapiga kelele. Tatu akacheka, mimi nikacheka, nikainama, nikakata.

Kwa asiyeshona nieleze kidogo. Mahameli yana manyoya, na manyoya yana upande wake. Ukiyapapasa kwenda chini yanalala, ukiyapapasa kwenda juu yanasimama. Kipande kimoja ukikikata kichwa chini, rangi yake haitalingana na mwenzake, ingawa kitambaa ni kimoja. Kikiwa kimelala mezani chini ya taa ya dukani huoni kitu. Nami sikuona. Nikashona mikono yote miwili, nikaipiga pasi kwa mvuke, nikaitundika huku najisifu.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya hina, binti alikuja na mama yake kujaribu. Ndani ilimkaa vizuri. Akasogea mlangoni ajitazame kwenye jua. Mwanangu, mpaka leo naliona jua lile. Mkono wa kushoto ulikuwa kijani ya kung'aa. Wa kulia ulikuwa mweusi kama jani lililolowa.

"Salama, nini hii?" madam akauliza. "Umenishonea nguo mbili?"

Binti akawa anaufuta ule mkono kwa kiganja, kana kwamba rangi itatoka, na hiyo iliniuma kuliko kelele za mama yake.

Bi Salama hakunitazama, wala hakuninyooshea kidole. "Ni kosa la duka langu, madam. Kesho adhuhuri itakuwa tayari, inshallah."

Walipoondoka nikawahi kujitetea: "Bi Salama, ni hii taa. Humu ndani mtu huwezi kuona."

"Ijumaa uliona matairi ya Marekani kwenye kisanduku kidogo," akasema. "Mkono uliokuwa chini ya pua yako hukuuona."

Nikalia. "Nifukuze tu."

"Nikufukuze, nani afumue? Kaa chini."

Nguo ilikuwa na mkia mrefu nyuma wa kuburura. Bi Salama aliukata ule mkia ili tupate mkono mpya. Mimi nikafumua, mshono kwa mshono, naye akasema bila kuinua kichwa: "Wale unaowacheka wanapiga picha vipande vipande. Anayeanguka anapigwa picha leo, anapoinuka ni mwezi ujao. Kama sisi, mkono leo, kola Jumanne. Wewe vipande viwili vimekushinda, Zuhura. Wao wana mamia, na upepo, na jua linalohama, na mnyama asiyejua kusimama alipoambiwa. Na bado mimi nakaa hapa roho juu, naogopa yule wa nyota asife."

Akachomeka pini mbili. "Na yale matairi. Umejiuliza ni ya nani? Farasi ishirini jangwani, walikunywa nini?"

Sikuwa nimejiuliza.

"Kuna mtu aliwapelekea maji kwa gari," akasema. "Wewe umeona alama zake ukaziita ujinga."

Kisha akageuza mahameli, akachora mshale wa chaki kwa ndani, upande manyoya yanakolalia. "Kila kipande, kabla ya mkasi. Hata kama unakijua. Hasa ukiwa unakijua."

Alhamisi adhuhuri binti alisimama tena mlangoni, akainua mikono yote miwili juu kama jambazi aliyekamatwa. Kijani moja! Madam akatazama nyuma: "Mkia umekuwa mfupi."

"Afadhali, mama," binti akasema, "sitaukanyaga." Akacheka, nasi tukapumua.

Tangu hapo niliitazama ile michezo kwa macho mengine. Nikaona mtu anavyoruka kutoka farasi huyu hadi yule, na magauni ya wanawake wa mji yalivyoshonwa vifungo vidogo thelathini mgongoni. Makosa bado nayaona, siwezi kujizuia. Lakini nayaona kama ninavyoona alama ya kidole cha fundi aliyefanya kazi ngumu.

Leo mjukuu wangu Nasra anafanya kazi kule Silicon Oasis, pembeni ya mji, na watu wa kupiga picha za matangazo. Kazi yake ni kuandika kikombe kilikuwa mkono gani, kofia imelalia wapi, picha isije ikajipinga. Kazi ya macho! Nimewatangazia watu wote kwenye lifti ya jengo letu. Juzi akaja anacheka: msichana mwenzake amechanganya hereni, tangazo zima linarudiwa, na Nasra keshaandika kichekesho awatumie wenziwe wote kazini. Nikamwambia weka simu chini. Nikamsimulia haya, nikampa chaki. Akaufuta ule ujumbe, akampigia yule msichana wakapange kesho watakavyoangalia kazi pamoja.

Basi nawe mwanangu, nakuusia. Kosa la mtu ukiliona, uliza kwanza nani aliwapelekea farasi maji. Halafu geuza kazi yako mwenyewe utazame ndani, chora mshale kabla hujakata. Na mwenzako akikosea mbele ya madam, sema ni kosa la duka letu. Ya kuambiana mtaambiana baadaye.

Mungu akuhifadhie macho yako mpaka uzeeni. Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea, akuwekee Bi Salama wako hapo mlangoni, juani, akusimamie. Amin.