Vidonge vya Mama Kilonzo

Wayua wa Mumbuni hakuwa mtu wa kutishwa. Soko zima la Machakos lilimjua: mjane mnene, muuza mitumba, sauti ikitangulia mwili. Askari wa manispaa walipokuja kubomoa vibanda, wenzake walitimua mbio. Yeye alikaa juu ya bunda lake la nguo akawaambia wambebe nalo. Hakuna aliyejaribu.

Kitu kimoja tu kilimtetemesha, nacho ni bangi. Mwanawe wa kiume wa pekee, Kilonzo, aliianza akiwa sekondari, akarukwa na akili, wakamwokota mtoni amekufa. Tangu mazishi yale, Wayua akinusa tu moshi wake huvuka barabara. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka wa 2007 sukari ilimpanda, daktari akamwambia apunguze mwili. Binti yake Nzisa, aliyekuwa akitunza wazee Uingereza, akamtumia vidonge vipya vya kuzuia hamu ya kula, vya kutosha zaidi ya mwaka. Vilifanya kazi, tena ajabu! Muthokoi wa mahindi na maharage ulimpoa sahanini bila kuguswa, gauni zikampwaya. Majirani nao, ulimi hauna mfupa, wakaanza kunong'ona habari za ukimwi.

Laiti ungekuwa mwili tu uliopungua. Mfuniko wa sufuria ukianguka, moyo ulimdunda mpaka akaketi chini. Mteja akiuliza bei, alijificha nyuma ya bunda. Aliogopa na hakujua anaogopa nini, na hilo lilimtesa kuliko lolote. Alifunga, akaombewa, wapi! Mwishowe alimwachia wifi yake Wanza kibanda, akajifungia nyumbani, akilia mchana kutwa.

Mwisho wa 2008 Nzisa alipiga simu, hana hata salamu.

"Mwaitu, mama yangu, wacha hizo dawa leo leo. Huku madaktari wamezikataza. Ndizo zinakuletea hiyo woga."

"Kwani ziko na sumu?"

"Si sumu. Kichwa ya mtu hujitengenezea kitu ya kutuliza woga. Hizo dawa zinaizuia isifanye kazi."

Wayua alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alihisi kifua kikilegea. Kumbe hakulogwa, hakuwa na pepo!

"Hiyo kitu ni gani, mwana wakwa?"

Hapo Nzisa angesema hajui, yangekwisha. Lakini msichana alikuwa amesoma gazeti, akataka mama aelewe vizuri.

"Inafanana na ile iko ndani ya bangi. Lakini ni yako, mwaitu, kila mtu ako nayo. Ni Mungu aliiweka."

Kisha Wayua akasema polepole, "Bangi. Kwa kichwa yangu mimi."

"Si bangi, mwaitu! Ni ya kutuliza tu!"

"Hata Kilonzo aliniambia hivyo. Ya kutuliza tu."

Akakata simu. Usimcheke, mama aliyemzika mtoto hasikii kama wewe na mimi. Aliona mambo yote wazi sasa: mwanawe aliirithi kwake, ilitoka katika damu yake, na vidonge hivi ndivyo vilivyokuwa vikiitoa. Woga ule ulikuwa ni uchungu wa kuachwa nayo, kama wa mvutaji anayeacha. Alifungua pakiti, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa dawa. Kila siku alikuwa akimeza kimoja. Siku hiyo alimeza viwili.