Soko la Chaki

Fundi cherehani wa pale kona hupanga safari ya soko kongwe kwa chaki, juu ya kitambaa chochote kilicho mezani. Futi shingoni, pini mdomoni, sauti kama ya mtu aliye usingizini: "Tunaingia lango la matao. Kwa wauza samaki hatusimami, tunapinda mpaka kwenye viungo." Kidole hutembea taratibu, kikifika kwenye viungo hutulia, naye hufumba macho akavuta pumzi. Kisha hufuta chaki kwa kiganja. "Lini sasa, wifi?" huuliza mke wa kaka yake, anayedarizi pembeni. "Jumamosi." Jumamosi hupita, kikapu kikabaki msumarini.

Leo alisahau kufuta. Mkasi uliingia langoni, ukapinda kwa wauza samaki, ukateleza hadi kwenye viungo. Wifi yake akainua kile kipande, hakina kifua wala mkono. "Makubwa! Gauni langu umelikata soko!" Fundi alikitazama kitambaa, akacheka na pini zake mdomoni. Halafu akavua futi, jambo asilolifanya kabla ya jioni, akatungua kikapu.

"Njoo nacho hicho kitambaa," alisema. "Huko nimefika kwa kusimuliwa na wateja tu, wifi. Tusije tukapotea."