Tarehe Niliyogawana na Baba

Baba yangu alikufa siku yangu ya kuzaliwa. Najua hakufanya makusudi, lakini mwaka una siku tele ambazo hazina mwenyewe, na yeye akaenda kuchukua ileile. Asubuhi aliniamsha kwa kunimwagia kikombe cha maji usoni, kama alivyofanya kila mwaka, akacheka mpaka akakohoa. Jioni moyo wake ukasimama akiwa amekaa barazani, redio ikitangaza mpira. Godoro langu lilikuwa bado halijakauka.

Kwetu mtu akishazikwa, kilio hakiishi hivihivi. Familia inakaa nacho mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo watu wanaitwa, wanapewa kula na kunywa, na mkubwa wa familia anasimama kutangaza kwamba basi, sasa mnaweza kucheka. Kabla ya hapo hakuna harusi, hakuna muziki nyumbani, na mambo ya anniversaire, sherehe ya kuzaliwa, ndiyo usiyataje kabisa. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa mcheshi wa nje tu. Nikifika kwenye geti letu, mtaa wa Mutakura hapa Bujumbura, nilikuwa navua ucheshi kama viatu.

Mwaka huohuo mama alinitoa kwenye shule ya kulipia, akanipeleka shule ya serikali upande wa Kamenge. Huko hakuna aliyenijua. Marafiki wapya walijua sina baba, lakini ni nani kwetu anauliza baba wa mtu alikufa tarehe ngapi? Wengine pia hawana. Mtu anasema tu "pole", halafu mnaendelea kugombania mpira.

Profesa wetu wa historia ana desturi yake. Kila asubuhi ya somo lake, mwanafunzi mmoja anaandika mistari mitatu ubaoni: siku kama ya leo alizaliwa nani, alikufa nani, na duniani kulitokea nini. Yeye anaita éphéméride. Sisi tunaita misa ya wafu. Muhula ule alipata wazo jipya: kila mmoja wetu atafute siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, aione inagawana na akina nani.

Nilitafuta kwenye simu ya jirani. Siku yangu imejaa watu kama soko. Wamezaliwa wanamuziki, wamekufa majenerali, mji mmoja wa mbali umeungua, mkataba mmoja umetiwa sahihi na watu wenye sharubu. Zamu yangu ilipofika nikachukua chaki. Kwenye mstari wa kwanza nikaandika: "Alizaliwa mwandishi wa maneno haya, mtanashati, fahari ya Mutakura." Kwenye mstari wa pili nikaandika mfalme mmoja wa Ulaya ambaye nadhani hata mke wake alishamsahau. Kwenye wa tatu nikauunguza ule mji.

Darasa likacheka. Profesa akavua miwani, akaufuta mstari wa kwanza kwa kiganja.

"We haujaingia mu historia bado," akasema. "Na hapa kwetu? Siku hiyo Bujumbura hakukufa mutu hata moja?"

"Apana, profesa. Siku hiyo Bujumbura wote walikuwa wazima."

Wakacheka tena, na mimi nikainama kama mwanasiasa anayeshukuru. Chaki ilikuwa imevunjika mkononi, sikujua saa ngapi.

Kutoka nyuma rafiki yangu mmoja, mrefu kama mlingoti wa bendera, akapiga kelele: "Tarehe hiyo ni Jumamosi! Tutakupika!" Kupikwa ni hivi: siku yako ya kuzaliwa wenzako wanakumwagia maji, halafu unga juu yake, na kama kuna mwenye mama mkarimu, mayai. Ukitoka hapo umekuwa chapati. Nikawaambia wasinisumbue, Jumamosi sitakuwepo. Basi wakajua hakika nitakuwepo, na kwamba nina kitu ninachoficha.

Na kweli nilikuwa naficha. Shuleni siku ile nilikuwa nimezaliwa, nyumbani siku ile nilikuwa yatima. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima ili upande mmoja usijue habari za upande mwingine.

Kaka mkubwa wa baba, yaani baba mkubwa wangu, ndiye aliyepanga siku ya kuganduka. Alikuja nyumbani na wazee wawili, akakaa, akasema tutafanya tarehe yenyewe, mwaka ukitimia. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Shemeji, tungesogeza Jumamosi inayofuata," akasema taratibu.

"Kwa nini? Marehemu alikufa lini?"

Mama akaniangalia. Nikangoja aseme. Akashusha macho, akasema, "Sawa, shemeji."

Niliondoka pale nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia baba mkubwa. Yeye angalau alikuwa hajui. Hata miaka yangu alikuwa hajui. Kila mara alikuwa ananiuliza niko darasa la ngapi, na kila mara nilikuwa namtajia jingine.

Jumamosi ilipofika, mama aliniwekea mayai mawili kwenye mkate badala ya moja, halafu akageuka haraka kuelekea kwenye pasi. Hakusema kitu kuhusu mayai. Alikuwa ananyoosha koti la baba, lile jeusi la harusi za watu.

"Kaa hapa unisikilize," akasema. "Leo watakukalisha ku kiti ya baba yako. Watakuvalisha hili koti. Halafu italetwa chungu, utakunywa pamoja na wazee. Ukishakunywa, hii nyumba iko na mwenyewe. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Usipokunywa, iko yake." Hakumtaja baba mkubwa jina wala cheo. "Atasema we ni mutoto, mutoto hashiki nyumba, atashika yeye. Mi wataniweka wapi? Leo usicheze. Leo tu."

"Mi nilicheza lini, mama?"

"Hata sasa unacheza."

Akanivalisha. Mikono ya koti ilinifika kwenye ncha za vidole. Nilifikiri litanuka baba. Lilinuka naftalini.

Kama hujawahi kuona kuganduka, nitakuambia ukweli: kwa mbali huwezi kuitofautisha na harusi. Kuna hema, viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, makreti ya bia na fanta, moshi wa brosheti, yaani mishikaki, akina mama wamevaa vitenge vya sare. Pembeni kulikuwa na mtu wa muziki anayejaribu spika zake, maana kilio kikishafungwa muziki unaruhusiwa, na yeye hakutaka kupoteza hata dakika. Mbele kabisa, kwenye kiti kilichopambwa utepe mweupe, nilikuwepo mimi, nimekaa wima kama picha ya pasipoti.

Baba mkubwa akazungumza. Ana sauti ya mtu anayeongea na watu walioko ng'ambo ya ziwa, na siku hiyo alikuwa amepewa hata kipaza sauti. Alieleza alivyomlea marehemu. Alieleza alivyomtafutia kazi. Kwa kadiri nilivyomwelewa, baba yangu alikuwa tu mojawapo ya mafanikio yake. Sikucheka. Nilimtazama mama, amekaa na wajane wenzake upande wa pili, mikono kwenye mapaja, naye ananitazama mimi kama mtu anayebeba sahani nyingi.

Halafu chungu cha pombe ya mtama kikaletwa, kimechomekwa mirija. Wazee wakasogeza viti. Baba mkubwa akaniita, "Kijana, karibia." Nikainama, mkono wa koti ukatangulia kuingia kwenye pombe, nikaukunja, nikashika mrija.

Maji yakanipiga kisogoni.

Yalikuwa mengi, ya bidoni nzima, lile dumu la kuchotea maji, na yalikuwa ya baridi. Kabla sijageuka, unga ukashuka. Nilisikia sauti ya yule mlingoti wa bendera: "Bonne fête, muzee!" na wenzake wawili wakiitikia, wakipiga makofi, wakiimba.

Walikuwa wametoka Kamenge kwa miguu. Kutoka barabarani waliona hema, makreti, spika, na mimi kwenye kiti cha utepe nimevaa koti la bwana harusi. Wakasema, kumbe! Kumbe mjanja huyu kafanya fête kubwa na hakutualika. Wakapita nyuma ya hema, wakizuia kicheko.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Unga ulikuwa kwenye nywele zangu, kwenye koti la baba, kwenye magoti ya wazee, na unaelea juu ya pombe kama povu. Mzee mmoja alikuwa bado ana mrija mdomoni, nyusi zake nyeupe upande mmoja. Na mimi nikacheka. Nilijua ni nini kinaharibika, nilikijua chote, na bado kicheko kikatoka, kirefu, kile ambacho sikukitumia mwaka mzima ndani ya geti lile. Wakati huo kilio kilikuwa hakijafungwa. Hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba sasa tunaweza.

Hakuna mwingine aliyecheka, isipokuwa mtoto mmoja, ambaye alipigwa kibao.

Baba mkubwa aliutazama unga juu ya chungu. Nilimwona usoni, nilikuwa karibu naye kabisa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na raha ya mtu aliyefika na funguo akakuta mlango haukufungwa. Ndipo akainua kipaza sauti, na hasira akaivaa hapohapo.

"Wazee, mumeona wenyewe. Mi sisemi kitu. Mumeona."

"Shemeji." Alikuwa mama. Mjane haongei pale. Alikuwa amesimama, na sauti yake bila kipaza ilikuwa ndogo, lakini hema zima lilikuwa kimya. "Shemeji, muwasamehe. Leo ni siku yake ya kuzaliwa."

"Siku ya kuzaliwa ya nani?"

"Ya mutoto. Alizaliwa tarehe hii."

Mwaka mzima nilikuwa nimesubiri mtu wa nyumbani alitamke neno hilo. Likatamkwa mbele ya watu wote, kama mtu anavyoeleza polisi kwa nini hana kitambulisho.

Baba mkubwa akaangalia wazee, akaniangalia mimi, akaangalia koti linalodondosha uji. "Leo ni siku ya marehemu," akasema. "Na umesema mwenyewe, mama: mutoto. Mutoto hashiki nyumba. Nitamushikia mimi mpaka apate akili." Mzee wa nyusi nyeupe akatikisa kichwa kukubali. Wengine wakamfuata, kwa sababu chungu kingine kilikuwa kinaletwa na jua lilikuwa kali.

Wakanitoa kwenye kiti. Baba mkubwa akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akakaa, akanywa. Halafu akatangaza kwamba kilio kimekwisha, na yule wa spika akafungulia muziki kwa nguvu zote.

Marafiki zangu niliwakuta nyuma ya choo, wamesimama na bidoni tupu kama watu wanaongoja maji ya bomba.

"Hii ni nini?" mlingoti akauliza.

"Ni baba. Tunaganduka."

"Si alikufa zamani?"

"Alikufa tarehe hii."

"Tarehe hii hii? Si uliandika ubaoni..." Hakumaliza. Akatazama bidoni. "Mbona hukutuambia, bana? Mi ningekuja na shati ya heshima."

Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha siku nyingine. Nikawaambia waende. Waliaga kwa mikono miwili, kwa adabu, kama wanavyoaga watu wazima msibani, na nikawachukia kwa hilo zaidi kuliko unga.

Mama hakunigombeza. Usifikiri ni sifa hiyo. Ningependa angenigombeza, ningejua pa kuweka majibu yangu, nina mengi. Aliloweka koti kwenye beseni, akalisugua, likatoka na mistari myeupe kwenye mishono ambayo haitoki. Nilimwambia, "Sikuwaita mimi." Akasema, "Najua." Nikamwambia, "Hata wasingekuja, angetafuta kingine." Akasema, "Lakini ingebidi atafute." Akaendelea kusugua.

Mwezi haukuisha. Baba mkubwa akaja na mtu mwenye tai, akamzungusha sebuleni, vyumbani, kwenye baraza. Mpangaji. Akamwambia mama kwamba nyumba kubwa itapangishwa, sisi wawili tunatosha kwenye kile kijumba cha uani, na kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu, nikikua nitashukuru. Mama akasema, "Sawa, shemeji." Mara hii sikumkasirikia. Nilikuwa nimeelewa hiyo "sawa" yake inatoka wapi.

Tulihamisha vitu wenyewe. Mwisho ukabaki ule kitanda cha mbao ngumu, ambacho baba alikitengenezesha walipooana. Tukakibeba, mama mbele, mimi nyuma, baba mkubwa akitembea pembeni akituelekeza kushoto, kulia, kana kwamba anaegesha lori. Kikafika kwenye mlango wa kijumba kikakataa. Tukakilaza ubavu, kikakataa. Tukakisimamisha, miguu ikakwama kwenye fremu.

"Lete musumeno," baba mkubwa akaniambia. "Tukate miguu, itapita."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika kichwa cha kitanda, anahema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Apana," akasema, mara yake ya kwanza kumkatalia shemeji yake. "Usilete. Kibaki nje. Sisi tutalala chini."

Baba mkubwa akacheka, akidhani ni utani.