Mshona Vitabu wa Majengo

Mshona vitabu wa Majengo hulowesha uzi mdomoni kabla ya kuutia sindanoni, akinung'unika kwamba watu wa siku hizi wanajua kitabu kwa kufungia mandazi tu. Vitabu vyekundu vya safari, vilivyochapwa Uingereza enzi za Malkia Victoria kwa bei ya mtu wa kawaida, kisha vikatafsiriwa na kuchapwa tena kwa Kifaransa, huvikomboa kwa wauza mandazi, akiwapa magazeti badala yake. Jana alimkuta muuza mandazi mmoja, Athanasie, ameinamia kimoja kando ya kikaango, hajakichana hata ukurasa. Akamnyooshea magazeti.

“Hapana, muzee. Wasafiri wamekwama ku muto, hawajavuka. Ngoja nimalize kwanza.”

“Mandazi yako inaungua, mama!”

“Iungue tu.”

Mzee akaweka magazeti chini. Akavuta kigoda, akashika mwiko, akaanza kuyageuza mandazi mwenyewe.